Mrushaji Mchanga Aanze na Mipira Ipi?

Na Mdakaji wa Timu, Kidato cha Nne

Najua wapo watakaouliza: softiboli inatafuta nini humu, mahali pa mashairi, vitendawili na hadithi fupi? Nawajibu mapema. Hakuna jambo linalofanyika katika shule hii ambalo Kiswahili hakiwezi kulieleza, na hili la leo nina haja nalo kubwa.

Haja yenyewe ni hii. Sisi wa Kidato cha Nne tunaondoka baada ya mtihani, na mrushaji wetu wa kutegemewa anaondoka nasi. Nyuma wamebaki wasichana wawili wanaojifunza kurusha. Mmoja ni mrefu, vidole virefu, mkono wenye nguvu; mpira wake ukiingia kwenye glavu yangu nausikia mpaka begani. Wa pili ni mfupi, anatumia mkono wa kushoto, kasi hana, lakini ukimwonyesha mahali atakugusia hapo hapo. Likizo ya Agosti wote wawili walitazama video kwenye simu za wazazi wao, wakarudi na habari kwamba ati mrushaji kamili ana mipira mitano au sita ya aina mbalimbali. Tangu siku hiyo kila jioni ni kujaribu yote sita, na hakuna hata mmoja unaofika. Isitoshe, yule mrefu ameanza kushikashika bega lake akidhani hakuna anayemwona. Mimi ni mdakaji. Mdakaji hukaa chini akitazamana na mrushaji mchezo mzima, kwa hivyo huona kila kitu.

Basi nia yangu katika makala haya ni kueleza ni mipira gani wachukue kwanza, ipi isubiri, na kwa sababu gani.

Kwa wale wasioujua mchezo wenyewe: softiboli ni jamaa wa karibu wa raundasi tuliyocheza shule ya msingi. Mrushaji hurusha kutoka chini, si juu ya bega. Lakini tofauti na raundasi, mkono unazungushwa duara zima kwanza, kama mtu anayezungusha ndoo ya maji bila kumwaga, kisha mpira unaachiliwa karibu na paja. Katika mashindano ya kimataifa ya wanawake mrushaji husimama mita 13.11 kutoka kwa lile bamba tunaloliita sahani. Mpira mzingo wake ni sentimita 30 hivi, mkubwa kuliko chungwa, na uzito wake haufiki gramu 200. Mpigaji akikosa straiki tatu, ametoka. Mrushaji akirusha nje ya eneo mara nne, mpigaji anapewa besi ya kwanza bure, anaenda zake akitembea.

Sasa majina. Jambo hili lilituletea mjadala mrefu hapa chamani mwezi wa Juni, na wengine walitaka tuyaache ya Kiingereza kama yalivyo. Tulikubaliana hivi: kuna mpira wa kasi, ambao ni mama yao wote. Kuna mpira wa pole, ambao mrushaji anaurusha kana kwamba ni wa kasi kumbe hauna mbio. (Mwalimu mlezi alipendekeza "mpira wa hadaa." Ni jina zuri, lakini mipira yote ni ya hadaa, kwa hivyo lilishindwa kwa kura.) Kuna mpira wa kuzama, unaokatika chini mbele ya mpigaji. Kuna wa kupanda, unaoonekana kuinuka. Kuna wa kupinda, unaokwenda kando, na kuna wa skrubu, unaopinda upande wa pili. Hiyo ndiyo sita yenyewe.

Nianze na mpira wa kasi, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wetu wawili wana haraka ya kupita. Wanaona kwamba wanaujua tayari. Lakini kuujua mpira wa kasi si kuurusha kwa nguvu, ni kuupeleka unapotaka. Michezo mingi ya shule ninayoikumbuka haikuamuliwa na mpigo mkali hata kidogo. Iliamuliwa na wale wanaotembea: mrushaji anakosa mara nne, msichana anapewa besi, anakosa tena nne, mwingine anapewa, watatu wakishajaa, wa nne akitembea, kuna mtu anafunga alama bila hata kugusa mpira. Hapo mpira wa kupinda utakusaidia nini, na hata ulionyooka haujui sahani iko wapi?

Kipimo changu ni rahisi. Mipira kumi kuelekea glavu yangu, mimi sisogezi mkono. Saba ikiingia, siku tatu mfululizo, hapo tunaweza kuzungumza juu ya mpira wa pili. Na si katikati tu. Sahani ina upana wa sentimita 43. Kuna ukingo wa ndani karibu na mpigaji, kuna ukingo wa nje, kuna chini kwenye goti na juu karibu na kwapa. Msichana anayeweza kutumia pembe zote nne ana mipira minne hata kabla hajafundishwa kitu kingine. Yule wetu wa mkono wa kushoto amekaribia. Yule mrefu bado, na namwambia hivyo waziwazi kwa sababu ndiye mwenye kipaji kikubwa zaidi.

Wa pili uwe mpira wa pole. Hapa nitakaa kidogo, maana ndio unaodharauliwa. Vijana hawaupendi. Hauna mbwembwe, hauvumi, na ukirushwa vibaya ni zawadi kwa mpigaji. Lakini hebu tupige hesabu pamoja.

Tuseme mrushaji wa umri wetu anarusha kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde. Kwa kuwa anapiga hatua mbele kabla ya kuachilia, mpira unasafiri mita 11 na nusu hivi kumfikia mpigaji. Huo ni muda wa sekunde 0.57. Katika muda huo mpigaji aone, aamue, azungushe gongo. Mpigaji hangoji kuona mpira umefika. Anakisia saa utakapofika na kulianzisha gongo mapema. Sasa mrushie mpira wa kilomita 56 kwa saa, kwa mkono ule ule na mwendo ule ule. Mpira huo unachukua sekunde 0.74. Gongo lake linapopita juu ya sahani kwa saa ya mpira wa kasi, mpira bado uko mita mbili na nusu mbele yake. Mita mbili na nusu! Amepiga hewa, na pengine amezunguka mpaka kofia imeanguka.

Na angalia ubaya unaofuata. Mpigaji aliyedanganywa mara moja sasa anaogopa. Mpira wa kasi unaokuja baadaye anauona kuwa wa kasi zaidi, ilhali haujaongezeka hata kilomita moja. Kwa hivyo mpira wa pole unafanya kazi mara mbili, unaporushwa na hata usiporushwa.

Siri yake yote iko mkononi. Kuna wanaogeuza kiganja ili nyuma ya mkono itangulie. Hiyo ni nzuri lakini ni ngumu kwa anayeanza. Mimi nawashauri wetu waufumbate mpira ndani kabisa ya kiganja badala ya kuushika kwa ncha za vidole. Vidole vikinyimwa kazi, mpira unakosa mbio wenyewe, na mkono unaweza kuzunguka kwa nguvu zote kama kawaida. Kosa ninaloliona kila jioni ni kupunguza mwendo wa mkono. Ukipunguza mkono umemwambia mpigaji kila kitu, sawa na matatu iliyowasha indiketa mita mia kabla ya kukata kona. Msichana mwenye mikono midogo atapata taabu kuufumbata mpira wa mzingo wa sentimita 30, na huyo ndiye atumie ule mtindo wa kugeuza kiganja, pole pole, bila kukimbizwa. Hapo hakuna sheria moja kwa wote.

Wa tatu ndio wenye ubishi. Wengi wanataka wa kupanda, kwa sababu kwenye video ndio unaopendeza: mpigaji anazungusha gongo chini yake, umati unashangilia. Mimi nasema wa tatu uwe wa kuzama, na sababu yangu ni fizikia ya darasani tu.

Kitu chochote kilichoachiliwa hewani kinavutwa na ardhi. Katika zile sekunde 0.57 tulizozitaja, mvuto huo unatosha kukishusha kitu zaidi ya mita moja na nusu. Ndiyo sababu hata mpira wa kasi huachiliwa ukielekea juu kidogo, la sivyo ungegusa udongo kabla ya kufika. Mpira wa kuzama huubingirisha mbele, kama gurudumu linalomwendea mpigaji, na hewa huusukuma chini. Kwa hivyo mrushaji na ardhi wanavuta upande mmoja. Wa kupanda ni kinyume: unaubingirisha kinyumenyume ili hewa iuinue, lakini ardhi haijalala, inauvuta tu. Ili njia yake ipinde juu kwa kweli, nguvu ya hewa ingebidi ishinde uzito wa mpira wenyewe. Waliopima kwa kamera huko Marekani wamekuta kwamba hata kwa warushaji wakubwa mara nyingi mpira huo haupandi. Unashuka kidogo kuliko macho ya mpigaji yalivyotarajia, basi. Hilo linatosha kumdanganya, lakini linahitaji kasi kubwa na mzunguko mkali. Msichana wa kilomita 72 akiujaribu, anapata mpira ulionyooka ulio juu, kwenye kifua cha mpigaji, na mpira wa namna hiyo ndio unaokwenda kuokotwa kwenye shamba la mahindi la jirani.

Tena wa kuzama ni ndugu wa mpira wa kasi. Upo mtindo wa kuupindua mkono juu ya mpira mwishoni, na upo wa kuumenya, yaani vidole vikiwa nyuma na chini ya mpira vinauvuta juu wakati wa kuuachilia, kama kumenya ndizi. Huu wa kumenya haubadilishi mengi. Hatua inafupishwa kidogo, kifua kinasogea mbele kidogo, mkono ni ule ule. Aliyekwisha kuwa na mpira wa kasi wa kueleweka anaupata bila kuharibu alichonacho, na hilo kwangu ni jambo kubwa.

Faida yake uwanjani ni kwamba mpigaji anaupiga kichwani, unabingirika chini. Mpira wa chini hauvuki ukuta. Lakini niseme ukweli kuhusu uwanja wetu: una vichuguu na mashimo ya fuko, na mpira wa chini ukigonga kichuguu unaweza kuruka upande wowote. Mrushaji wa mpira wa kuzama anahitaji wenzake wa besi wawe macho. Wale wanaopenda kusimama kiuno kimeshikwa, nadhani wanajijua.

Kuhusu wa kupinda sina maneno mengi. Ukienda kando tu bila kushuka, unabaki katika njia ile ile ya gongo, na gongo ni refu. Usubiri. Nao wa skrubu, unaotaka kusokota mkono kinyume cha maumbile, hata msiniulize kwa sasa.

Hapo wataniambia: mbona wakubwa wanarusha aina nyingi? Ni kweli, na ni vizuri kuwatazama wakubwa hao kwa makini. Monica Abbott wa Marekani alipimwa mwaka 2012 akirusha kilomita 124 kwa saa. Mtu wa kasi hiyo ana ruhusa ya kujaribu lolote. Mwenzake Cat Osterman, ambaye pia ni wa mkono wa kushoto, hakuwa na kasi ya Abbott, lakini alipata medali ya dhahabu huko Athens mwaka 2004 na za fedha Beijing mwaka 2008 na Tokyo. Sifa yake kubwa ilikuwa mpira wa kuzama. Dada yetu wa mkono wa kushoto, jina hilo ulishike.

Halafu kuna Yukiko Ueno wa Japani. Mwaka 2008 huko Beijing alirusha michezo mitatu ndani ya siku mbili, jumla mipira 413, na siku ya fainali Japani ikaishinda Marekani 3–1, Marekani ambayo ilikuwa imechukua dhahabu zote tatu tangu mchezo huu uingie Olimpiki mwaka 1996. Michezo ya Tokyo ilipofanyika mwaka 2021, akiwa na miaka 39, alisimama tena kwenye fainali na Japani ikashinda 2–0. Kila ninapoisimulia hadithi hii mazoezini, macho ya yule mrefu yanawaka. Mimi nataka aone pia upande wa pili wake. Ueno wa mwaka 2008 alikuwa mtu mzima wa miaka 26, mwili umekomaa, ana madaktari na makocha nyuma yake. Na huko Tokyo hakurusha fainali peke yake. Msichana wa miaka 20, Miu Goto, aliingia katikati kumpokea, kisha Ueno akarudi kumalizia.

Hapo ndipo naingia kwenye bega. Zamani watu walisema kurusha kutoka chini hakuna madhara, ni mwendo wa asili, mtu anaweza kurusha kila siku. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwapima warushaji wa softiboli, wakaona kwamba mzigo unaobebwa na bega haupitwi kwa mbali na ule wa mrushaji wa besiboli anayerusha kutoka juu. Mkono unapozunguka, nguvu inayolivuta bega kutoka mahali pake inakaribia uzito wa mwili mzima. Fikiria unaning'inia kwa mkono mmoja kwenye tawi la mwembe, mara sitini kwa jioni moja. Sasa ongeza kwamba mifupa ya msichana wa miaka 14 au 15 bado inakua, na kwamba kila aina mpya ya mpira ina msokoto wake ambao misuli haijauzoea. Kujifunza sita kwa pamoja ni kuliuliza bega maswali sita wakati mmoja. Ndiyo maana nasema mipira mitatu, na ya mtindo wa mkono mmoja. Uchovu ukija, mwendo unaharibika, na mwendo ulioharibika ndio unaoumiza.

Mimi huweka vijiwe sitini mfuko wa kulia, kila mpira nahamisha kimoja kwenda wa kushoto. Vikiisha, nasimama na kuvua glavu. Mrushaji anaweza kunung'unika, lakini hawezi kurusha bila wa kudaka. Mazoezi ya kurusha ni siku tatu kwa wiki, si tano. Na maumivu ya mbele ya bega yasifichwe kwa sababu ya kuogopa kupoteza nafasi. Dada, nimekuona Jumanne ile na Alhamisi pia. Mwambie mwalimu wa michezo, upelekwe kwa muuguzi, upumzike hata wiki mbili. Nafasi yako haitakwenda popote. Mko wawili tu.

Wapo wanaoogopa kwamba mrushaji wa mipira mitatu atasomwa haraka na wapigaji. Tufanye hesabu tena. Mipira mitatu, pembe nne. Hata ukiondoa ile michache isiyofaa, kama wa pole uliowekwa juu, ambao ni chakula cha mpigaji, unabaki na vitu vinane au tisa tofauti vya kumfikirisha mtu mwenye nusu sekunde. Katika mchezo wa shule mpigaji mmoja anakuja kwenye sahani mara tatu au nne hivi. Hana muda wa kukusoma. Mtaka yote hukosa yote, na mwenye mipira sita isiyofika ana mmoja tu: ule anaorudi kwao akiwa ameshikwa na hofu, ulionyooka katikati.

Mbele ya safari njia zao zitaachana. Yule mrefu akifika hatua ya kuwa na kasi ya kweli, pengine mwaka wake wa mwisho hapa, wa kupanda utamfaa, maana vidole virefu vinaupa mpira mzunguko. Yule wa mkono wa kushoto sioni haja ya kumsukumia huko kamwe. Akiwa na wa kuzama mzuri, aongeze wa kupinda unaoshuka. Lakini hayo yataamuliwa na mdakaji atakayewapokea, ambaye atawajua kuliko mimi.

Kwa muhula uliobaki nimepanga hivi na mwalimu amekubali: hadi mwisho wa Septemba ni mpira wa kasi na pembe nne peke yake, Oktoba, kabla mtihani haujatumeza, nitawadakia wa pole. Wa kuzama wataanza Januari bila mimi. Lile gunia la shabaha nimelishona upya na kulichora sahani na pembe zake kwa chokaa. Liko stoo, nyuma ya neti za voliboli. Lifungwe kwenye mlingoti wa goli la upande wa bwalo, chini yake pafike gotini mwa mrushaji, na mpime hatua kwa futi ya kamba iliyo ndani yake, si kwa miguu, kwa sababu yule mrefu akipima kwa miguu huongeza mita nzima.